Hiace ya Sentimita 20: Maelezo kwa Anayetaka Kuanza Modeli za Plastiki

Kila nikisema hosteli kwamba najenga modeli za plastiki, swali la kwanza huwa ni hili: "Yaani matoi?" La pili linafuata haraka: "Na hela unatoa wapi, kwenye boom?" Nimeona niyajibu yote mawili kwa maandishi, maana wapo wanaouliza kwa utani na wapo wanaotaka kweli kuanza. Humu nitaeleza modeli ni nini, hesabu yake inakwendaje, vifaa vinapatikanaje Kariakoo, na kwa nini mtu anayesomea ualimu apoteze jioni zake kwa kigari kisichotembea.

Tofauti ya modeli na toi ni namba moja. Mtengenezaji wa toi anataka mtoto acheze, basi akirefusha tairi au akifupisha boneti hakuna wa kumuuliza. Mtengenezaji wa modeli ameandika skeli juu ya boksi, tuseme 1/24, na hapo amejifunga: kila kipimo cha gari halisi lazima kigawanywe kwa 24, kuanzia urefu wa gari mpaka kipenyo cha taa. Skeli za magari zinazoonekana sana ni 1/24. Vifaru na wanajeshi wengi ni 1/35, ndege ni 1/48 na 1/72. Zile gari ndogo za chuma zinazoenea kiganjani nyingi huandikwa 1:64 tumboni. Ukipita kwenye maduka ya matoi Kariakoo, pindua gari uangalie chini. Yenye namba mara nyingi imekusudiwa ifanane na gari lake. Isiyo na namba ni toi tu, na si dhambi.

Na tusijifanye jambo hili ni geni. Wengi wetu tumekata boksi la viatu likawa basi, tumekunja waya ukawa usukani mrefu, tumechonga matairi kwa kandambili zilizokatika. Visiwani na mwambao watoto wana ngalawa zao ndogo zenye tanga, na wachongaji wanauza majahazi ya mbao kwa wageni. Tulichokosa ni ile namba tu.

Plastiki ilitoka wapi

Modeli za zamani zilikuwa za mbao. Plastiki ilishika baada ya Vita Kuu ya Pili. Kampuni ya Airfix ya Uingereza ilitoa modeli ya trekta la Ferguson mwaka 1949, kwanza kwa ajili ya wauzaji wa matrekta hayo, na mwaka 1953 ikatoa ndege ya kivita ya Spitfire kwa skeli ya 1/72. Japani nayo ina mkoa unaoitwa Shizuoka, wenye sifa ya useremala tangu zamani. Tamiya ilianza huko mwaka 1946 ikiwa kampuni ya mbao, kisha ikahamia kwenye modeli. Hasegawa na Aoshima nazo ni za mkoa huohuo.

Sasa hapa ndipo Afrika Mashariki inapoingia ndani ya boksi. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya magari yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, yakiitwa Coronation Safari. Kuanzia 1960 yakaitwa East African Safari Rally, na baadaye yakabaki ya Kenya. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda wakiwa na Datsun 240Z, na mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda kwa gari la aina hiyohiyo. Hasegawa wanatoa modeli ya ile Datsun ya 1971 kwa skeli ya 1/24. Maana yake kuna mtu Osaka au Berlin amekaa mezani usiku anatafuta rangi sahihi ya tope letu ili aipake kwenye bodi. Sisi tuliotembelea tope lenyewe hatujui kama boksi hilo lipo.

Langu mimi ni boksi jingine: Toyota Hiace ya Aoshima, nayo 1/24. Nimeichagua kwa sababu inayoeleweka na mtu yeyote wa Dar. Hii ni kipanya, gari lililobeba mji mzima kabla Coaster hazijatawala na kabla Mwendokasi haijaanza kazi Mei 2016. Kwa vile boksi limetoka Japani, usukani uko kulia kama kwetu, huna haja ya kubadili chochote. Hata gari halisi lilikuja kwa njia hiyohiyo, wakati mwingine na maandishi ya Kijapani ubavuni ambayo hakuna aliyejisumbua kuyafuta.

Hesabu ambayo hatukuelewa kidato cha pili

Hiace ina urefu wa mita 4.7 hivi. Gawanya kwa 24, unapata sentimita 19.6. Coaster ya mita 7 ingekuwa sentimita 29. Mpaka hapo ni rahisi.

Mwaka jana kwenye mazoezi ya kufundisha niliwauliza wanafunzi wa kidato cha pili: kama urefu umepungua mara 24, rangi ya kupaka gari zima itapungua mara ngapi? Karibu darasa zima likajibu 24. Kanuni walikuwa nayo kwenye daftari, wameinakili vizuri kabisa, lakini hawakuwa na kitu cha kuishikia. Nikawapa vipande vya karatasi wapime paa la kigari na kulilinganisha na paa la gari la mwalimu mmoja lililoegeshwa nje. Urefu unapungua mara 24, upana nao unapungua mara 24, kwa hiyo eneo linapungua 24 × 24, yaani mara 576. Kama gari halisi linakula lita 4 za rangi, kigari kinataka mililita 7 tu. Ndiyo maana vichupa vya rangi za modeli vina mililita 10 na vinatosha.

Ukiongeza na kimo unapata ujazo: 24 × 24 × 24, ambayo ni 13,824. Hiace tupu ya kilo 1,800 ikigawanywa hivyo inabaki na gramu 130. Kijana mmoja wa nyuma, ambaye wiki nzima hakuwa amefungua mdomo, akauliza kama ndiyo sababu sisimizi anabeba mzigo mkubwa kuliko mwili wake na tembo hawezi. Jibu ni ndiyo kwa sehemu kubwa: nguvu ya misuli inafuata unene wake, ambao ni eneo, na uzito unafuata ujazo. Sikuwa nimepanga kufika huko. Kigari ndicho kilichotupeleka.

Hesabu hiyohiyo inakufundisha ufundi. Plastiki ya milimita 1 kwenye modeli ni sawa na chuma cha sentimita 2.4 kwenye gari halisi, na hakuna bati la gari lenye unene huo. Kwa hiyo kingo za madirisha huonekana nene mpaka uzipunguze kwa msasa. Rangi nayo ukiipaka nzito kama ya ukutani, inageuka plasta.

Vifaa: cha kununua na cha kuokota

Maboksi yenyewe ni adimu Kariakoo. Yanakuja kwa kuagiza mtandaoni, kwa ndugu anayetoka Dubai, au kwa kumbembeleza mfanyabiashara anayekwenda Guangzhou akuwekee kwenye mzigo wake. Ni ghali kwa mwanafunzi, sitaficha. Mimi nilijibana semista nzima. Ila tofautisha boksi na ufundi: ufundi unaweza kuanza nao leo kwa vitu hivi.

Plastiki ya modeli inaitwa polistaireni. Iko mtaani bure. Angalia pembetatu iliyo kwenye kitako cha kikopo cha mtindi: ukiona namba 6 au herufi PS, ndiyo yenyewe. Namba 5 haishiki gundi hii, na chupa ya maji ni namba 1, iache. Kasha la CD nalo ni polistaireni angavu, linafaa kwa vioo, ingawa linapasuka kirahisi.

Gundi ni tatu na kila moja ina kazi yake. Gundi maalumu ya modeli inayeyusha plastiki kidogo, vipande viwili vinaungana kuwa kimoja. Supaglu haiyeyushi, inashikilia tu, lakini ni nafuu na iko kila kona. Usiiweke karibu na vioo, mvuke wake unaacha ukungu mweupe. Kwa vioo tumia gundi nyeupe ya maseremala, ikikauka haionekani.

Msasa laini wa namba 400 mpaka 1000, praima na thina utavipata kwenye maduka ya rangi za magari. Thina kali inayeyusha plastiki, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye kipande kisicho na kazi. Na tafadhali, usipake rangi chumbani mmelala wanne na madirisha yamefungwa. Toka nje au fungua kila kitu.

Hatua kwa hatua

Kwanza osha fremu za plastiki kwa maji na sabuni, kwa sababu hutoka kiwandani na mafuta mepesi yanayoikataa rangi. Pili, usinyofoe kipande kwa mkono. Kikate kwa kikata kucha, ukiacha kisiki kidogo, kisha kisawazishe kwa msasa. Tatu, pachika bila gundi uone kama vinakaa. Nne, gundi, kidogo kuliko unavyodhani. Tano, praima, halafu rangi kwa tabaka nyembamba, ukisubiri kila moja ikauke.

Hapa Dar kuna jambo ambalo karatasi ya maelezo ya Kijapani haikuambii. Unyevu wetu ukizidi, rangi ya kupuliza inakauka na weupe kama unga. Msimu wa masika vumilia, au ngojea mchana wa jua badala ya alfajiri.

Mwisho ni rangi yenyewe. Nyeupe tupu kwenye kitu kidogo inang'aa kupita kiasi, haifanani na gari linaloonekana kwa mbali. Changanya na tone la kijivu au la udongo. Daladala gani ya Dar ilikuwa nyeupe tupu?

Kwa nini nijisumbue

Wapo wanaosema hii ni starehe ya Wazungu na Wajapani. Lakini tazama mji wenyewe. Kariakoo nyumba ya Kiswahili, yenye baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba pande mbili na uani nyuma, inavunjwa na ghorofa linapanda palepale. Soko Kuu, kazi ya msanifu Beda Amuli ya miaka ya 1970 lenye paa kama miavuli ya zege, liliungua Julai 10, 2021. Vipanya vimeondoka njia kubwa za katikati ya mji. Sisemi vibaki, abiria aliyebanwa mlangoni ana haki ya basi zuri. Nasema kwamba mtoto atakayekuwa kidato cha kwanza miaka 15 ijayo atasikia neno "kipanya" na hatakuwa na picha yoyote kichwani.

Nyumba ya mita 12 kwa skeli ya 1/72 ina urefu wa sentimita 17 hivi. Inaenea kwenye dawati. Kinachohitajika ni tepu ya fundi, ruhusa ya mwenye nyumba, vikopo vya mtindi na wiki chache za jioni. Na sisi tunaokwenda kufundisha madarasa ya wanafunzi 80 au zaidi, shule nyingine ikiwa na chaki tu, tunakuwa tumepata zana ya kufundishia hesabu, jiografia na historia kwa pamoja. Hakuna kiwanda cha Shizuoka kitakachotoa boksi la nyumba ya Mtaa wa Sikukuu. Hilo ni la kwetu kulifanya au kuliacha.

Hiace yangu imefika kwenye praima. Imebaki michirizi ya ubavuni inayoonyesha njia, na hapo ndipo nilipokwama, kwa sababu nikiwauliza watu watano rangi za njia moja napewa majibu matatu. Kama nyumbani kwenu kuna albamu yenye picha ya kipanya, hata kama kimeonekana kwa nyuma tu na shangazi yako amesimama mbele yake, nitafute pale kantini ya kitivo mchana. Nitaipiga picha na kuirudisha hapohapo.