Mashine Ichoreayo Picha: ya Nyumbani au ya Ng'ambo?

Mwezi wa Mei 2024 ulikuwa mgumu katika pwani ya Kilwa. Tarehe 4 kimbunga Hidaya kiliifikia pwani ya Tanzania, na mvua zilizoandamana nacho zikaikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi katika eneo la Somanga. Siku nane baadaye, nyaya mbili za mawasiliano zipitazo chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota nchini. Kwa mchoraji wa mabango au wa vitabu vya shule aliyezoea kuagiza picha kutoka mashine za akili unde zilizoko ng'ambo, hali ya namna hiyo ni sawa na kufungiwa karakana.

Mashine hizo, kinyume cha inavyodhaniwa na wengi, hazina ghala la picha ambamo huchagua moja na kuinakili. Hufundishwa kwa mamilioni ya picha zenye maelezo ya maneno. Kila picha huharibiwa kidogo kidogo kwa chenga, kama zile za televisheni isiyopata mawimbi, nayo mashine hujifunza kuziondoa. Ikishahitimu, hupewa chenga tupu pamoja na maneno ya mteja, ikaanza kuzifuta hatua kwa hatua, mara 20 hadi 50, ikiongozwa na maneno hayo mpaka picha itokeze. Kila hatua ni rundo kubwa mno la hesabu, na swali la mchoraji ni hesabu hizo zifanyiwe wapi.

Atumiaye huduma ya mtandaoni, kama Midjourney, hupeleka maneno tu. Hesabu hufanyika kwenye kompyuta za mbali, na picha hurudi ikiwa na ukubwa wa megabaiti 1 au 2. Simu ya kawaida yatosha. Ama atakaye kufanya kazi nje ya mtandao, hana budi kuwa na programu kamili mezani pake. Mojawapo ni Stable Diffusion, iliyotolewa kwa umma Agosti 2022. Faili lake la kwanza lilikuwa na gigabaiti 4 hivi, yaani sawa na kupokea picha 2,000 za megabaiti 2. Lakini faili hilo hupokewa mara moja tu, na laweza hata kusafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam likiwa ndani ya diski ndogo mfukoni.

Gharama iko kwingine. Kompyuta huhitaji kadi ya michoro yenye kumbukumbu ya gigabaiti 6 au zaidi, na kadi hiyo ni ghali. Umeme wenyewe hautishi: kadi ya wati 200 ikifanya kazi kwa sekunde 30 hutumia jouli 6,000, kiasi ambacho taa ya wati 10 hukimaliza kwa dakika 10. Hata hivyo umeme ukikatika, kompyuta ya mezani nayo huzimika.

Kwa uzuri wa picha, huduma za mtandaoni mara nyingi hushinda. Mpango wa chini wa Midjourney umekuwa dola 10 kwa mwezi, nafuu kuliko kununua kadi. Hata jina la kanga, ambalo programu za kwanza zililiandika kwa herufi zilizopinda zisizosomeka, mashine mpya za mtandaoni huliandika vizuri zaidi. Kwa tangazo la duka la nguo pale Kilwa Masoko, hakuna sababu ya kujitaabisha na kadi.

Lakini mchoraji akiagizwa bango la Kilwa Kisiwani yenyewe, mambo hubadilika. Mashine huchora kile ilichokiona sana, nayo imeona zaidi picha zenye maelezo ya Kiingereza. Ikiambiwa ichore msikiti wa kale, huelekea kuupa mnara mrefu na kuba moja kubwa. Msikiti Mkuu wa Kilwa hauna mnara. Kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa, na sehemu yake ya kusini iliezekwa kwa kuba ndogo na matao. Mwanafunzi akioneshwa picha ya kubuni yenye kung'aa, ataiamini kuliko magofu, na kosa hilo litaingia vitabuni.

Hapa ndipo mashine ya nyumbani inapopata thamani yake. Kwa njia iitwayo LoRA, iliyobuniwa na watafiti wa Microsoft mwaka 2021, programu iliyoko mezani yaweza kuongezewa somo dogo kwa picha chache tu, mathalani 20 au 30, zilizopigwa kisiwani: matao, vibla, milango, rangi ya chokaa iliyozeeka. Mwenye kompyuta ndiye achaguaye mtaala. Picha za wanafunzi, au za wazee waliokubali kupigwa, hazisafiri kwenda kompyuta za watu wasiojulikana, jambo lisilo dogo tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Hata hivyo, mashine iliyofundishwa kwa magofu hujua magofu. Haijui Kilwa aliyoiona Ibn Battuta mwaka 1331. Kwa hilo hapana budi kurejea kwenye vipimo: michoro ya Peter Garlake ya mwaka 1966, ripoti ya uchimbuzi ya Neville Chittick ya mwaka 1974, na vipimo vya leza vya mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town.

Jaribio moja lafaa darasani. Jumba la Husuni Kubwa, la karne ya 14, lina birika la pembe nane. Mashine ya mtandaoni na ya nyumbani ziagizwe kulichora, kila moja mara kumi, kisha wanafunzi wazihesabu pembe katika kila picha na kuandika matokeo kwenye jedwali.