Vyungu vya Kikisi: uvifuate Ikombe au ununue Lyulilo?

Mnaouza vyombo vya udongo mtandaoni, tuongee kidogo. Ukiona bei ya chungu cha Kikisi kwa wachuuzi wa mjini, wazo la kwanza ni kumfuata mfinyanzi mwenyewe. Wazo zuri, ila piga hesabu. Ni kama gari: mmoja anaagiza mwenyewe Japani, mwingine ananunua yadi Dar. Bei ya Japani ni ndogo, lakini meli, ushuru na kusubiri ni juu yake.

"Yadi" yetu ni soko la Lyulilo, jirani na Matema, wilayani Kyela. Jumamosi vyungu vinashushwa pale kutoka kwenye mitumbwi, vingi vikitokea Ikombe, ufukweni chini ya milima ya Livingstone. Na huenda mama anayekuuzia pale sokoni ndiye aliyekifinyanga. Sasa Ikombe unafuata nini?

Tuseme (bei hizi ni za mfano tu) Ikombe chungu ni 3,000 na Lyulilo 4,000. Ukichukua 40, umeokoa 40,000. Toa boti ya kwenda na kurudi, 25,000. Vitano vikipasuka majini, 15,000 nyingine. Umebaki na sifuri, na siku nzima imeisha! Ukichukua 120 kwa boti hiyohiyo, hata vikipasuka 15, unabaki na 50,000. Hapo safari ina maana. Mwenye oda kumi kumi, Lyulilo inakutosha kabisa.

Kuna kitu kimoja kinachobadilisha hesabu: oda maalumu. Mteja wako wa mgahawa akitaka bakuli 60 za saizi moja, sokoni huzipati kirahisi. Nenda kwa mama mfinyanzi na kipimo mkononi, maana picha ya simu haioneshi ukubwa. Na mwambie mteja mapema kwamba kazi ya mkono haifanani kama ya kiwandani, vinginevyo atakurudishia mzigo.

Usiahidi tarehe ya karibu wakati wa masika. Udongo lazima ukauke kabla ya kuchomwa, na Kyela mvua haina mchezo. Ziwa likichafuka nalo, mtumbwi hautoki.

Lipa nusu kwanza, nusu ukipokea. Ukipokea gonga kila kimoja kwa kidole: kinacholia vizuri ni kizima, chenye sauti butu huenda kina ufa ambao jicho halijauona.