Maji ya nguvu huondoa ukungu wa kijani, lakini yaweza kula ukuta

MVUA ya masika inapomalizika, nyumba nyingi katika maeneo yenye baridi na unyevu kama vile Limuru, Kericho na Kisii hubakia na alama moja isiyopendeza: utando wa kijani uliotanda kwenye kuta za matofali, ngazi na sakafu za mbao za veranda.

Baadhi ya wenye nyumba huona kwamba dawa ni moja tu. Humwita kijana kutoka kituo cha kuoshea magari aje na mashine yake ya kurusha maji kwa nguvu, na baada ya muda mfupi ukuta huwa umeurejelea wekundu wake wa awali.

Hata hivyo, furaha hiyo huenda isidumu. Maji hayo yanayong'oa uchafu kwa urahisi yana uwezo pia wa kung'oa ngozi ya tofali, saruji iliyo katikati ya matofali na nyuzi za mbao. Hasara yenyewe haionekani siku hiyo. Hujitokeza mvua nyingine inaponyesha.

Chanzo ni unyevu

Utando huo wa kijani ni mimea midogo mno ya jamii ya mwani. Haina mizizi, na ili istawi huhitaji mambo mawili tu: mwangaza na unyevu. Ndiyo sababu hupatikana zaidi upande wa nyumba usiopigwa na jua, chini ya mfereji wa paa unaovuja, au mahali ambapo miti imeufunika ukuta.

Mimea hiyo haibomoi ukuta moja kwa moja. Ubaya wake ni kwamba huhifadhi maji, hivyo mbao hukaa na unyevu kwa muda mrefu na kuwa rahisi kushambuliwa na kuvu zinazoozesha. Isitoshe, husababisha utelezi ambao ni hatari, hasa kwa wazee na watoto wanaopanda na kushuka ngazi.

Nguvu ya mashine

Ili kufahamu uwezo wa mashine hizi, inafaa kuulinganisha na kitu kinachojulikana. Gurudumu la gari dogo hujazwa hewa ya takriban psi 30. Mashine ya kuoshea hurusha maji kwa psi 1,500 hadi 3,000, yaani mara 50 hadi 100 ya kiwango hicho.

Tofali lililochomwa lina ngozi ngumu kwa nje, na ndani ni laini zaidi. Ngozi hiyo ndiyo huzuia maji ya mvua kupenya. Ikikwanguliwa, tofali hunywa maji, na ukungu uliofukuzwa hurudi kwa kasi kuliko awali.

Hatari hii ni kubwa zaidi kwa matofali yanayochomwa vijijini katika tanuri za kuni. Kwa kuwa moto haufikii matofali yote kwa usawa, mengine hutoka magumu na mengine hubakia laini, ilhali yote hujengwa katika ukuta mmoja.

Majengo ya kale yanahitaji uangalifu zaidi. Ngome ya Fort Jesus mjini Mombasa, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, pamoja na nyumba za Mji wa Kale wa Lamu, ulioorodheshwa na UNESCO kuwa turathi ya dunia mnamo 2001, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa ni laini kuliko saruji, na maji ya nguvu huweza kuichimbua kwa dakika chache.

Kwa upande wa mbao, maji makali hupasua sehemu laini na kuacha nyuzi zikisimama kama manyoya. Sakafu kama hiyo huwachoma vijiti watembeao miguu mitupu, na hunywa maji kwa wingi zaidi.

Namna ya kuosha

Hatua ya kwanza ni kujaribu bila mashine. Utando mwembamba huondoka kwa maji, sabuni na brashi ngumu ya nyuzi. Brashi ya waya haifai, kwani huacha vipande vya chuma ambavyo hushika kutu na kutia madoa.

Iwapo utando umekolea ukutani, dawa ya kung'arishia nguo iliyozimuliwa kwa maji inaweza kupakwa, kuachwa kwa muda wa dakika 10 hadi 15, kisha kusuguliwa na kusuuzwa. Ukuta hulowanishwa kwanza kwa maji matupu ili usiinywe dawa hiyo, na mimea iliyo karibu hufunikwa. Kwa mbao, sabuni ni bora, kwa sababu dawa hiyo hudhoofisha nyuzi zake.

Dawa hiyo kamwe isichanganywe na asidi ya kusafishia vyoo wala na dawa yenye amonia. Michanganyiko hiyo hutoa gesi yenye sumu.

Ikiwa ni lazima mashine itumiwe, jambo muhimu ni kichwa cha bomba. Katika mashine nyingi, chenye rangi nyekundu hutoa maji kama sindano na hakifai kwa ukuta wala mbao. Cheupe hutawanya maji kwa upana wa digrii 40, nacho ndicho salama zaidi.

Mbao laini kama za saiprasi zisipigwe kwa zaidi ya psi 600, na ngumu kama za mvule zisizidi psi 1,200. Mwoshaji huanza akiwa mbali, akasogea taratibu bila kukaribia zaidi ya sentimita 30, na kufuata mkondo wa nyuzi za mbao. Ukutani, maji huelekezwa kutoka juu kwenda chini ili yasisukumwe ndani ya nyufa. Majaribio hufanywa kwanza mahali pasipoonekana.

Paa kuukuu za asbesto hazipaswi kuoshwa kwa mashine hata kidogo. Maji hayo hufyatua nyuzi ambazo zikivutwa mapafuni huweza kusababisha saratani.

Usalama wa mwoshaji

Maji ya mashine huweza kutoboa ngozi na kuingia mwilini pamoja na uchafu. Kidonda huonekana kidogo kama tundu la sindano, lakini ndani nyama huwa imeharibika. Mtu aliyejeruhiwa hivyo apelekwe hospitalini mara moja hata kama hasikii maumivu makali.

Miwani ya kukinga macho na viatu vya mpira ni vya lazima. Si salama kuosha ukiwa juu ya ngazi, kwa sababu bomba husukuma nyuma na kumwangusha mtu. Nayo mashine ya petroli isiwashwe ndani ya chumba, kwani moshi wake unaua.

Kuna pia suala la maji. Mashine ndogo inayotumia lita 8 kwa dakika humaliza lita 480 kwa saa moja, sawa na mitungi 24 ya lita 20. Katika mitaa ambako maji hutoka kwa zamu, hiyo ni gharama isiyopuuzwa.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa nyumba yenye ukungu wa kijani, ufa wenyewe ni mfereji unaovuja, tawi linalozuia jua na maji yanayotuama karibu na msingi. Mwenye nyumba akishughulikia hayo kwanza, ukuta utakauka, na huenda asihitaji kuikodisha mashine tena.