Utafiti wa elimu huanzia maktabani, si nyanjani

Wanafunzi wengi wa uzamili hunijia na hojaji tayari, ati wanataka kwenda nyanjani. Mimi huwauliza: umesoma ripoti ya tume gani? Kimya! Anayetafiti ufundishaji wa Kiswahili aanze na ripoti za Ominde (1964) na Gachathi (1976), kisha ile ya Mackay (1981) iliyozaa mfumo wa 8-4-4, ambao ulikifanya Kiswahili somo la lazima la kutahiniwa. Baadaye apekue tasnifu, akifuata marejeleo ya kila moja. Hapo ataliona lililokwisha kujibiwa na pengo lililobaki. Akikwama, amwendee mkutubi. Kuuliza si ujinga. Asipofanya hivyo, atamaliza karo na miaka miwili akijibu swali lililojibiwa kitambo.