Binti anataka kusomea ubongo: tupige hesabu kabla ya kusaini

Jumapili moja jioni dada yetu mmoja wa Tanga, anayefanya kazi za ndani Sandton na kupanga chumba Yeoville, alitupa simu yake tusome ujumbe. Binti yake kamaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCB, na kafaulu vizuri. Ameandika: "Mama, nataka kusomea sayansi ya ubongo, na nataka kuisomea huko huko Jozi uliko." Mama alikuwa anacheka huku anafuta machozi. Kwenye mkoba alikuwa na fomu ya mkopo wa R100,000. Bosi wake kakubali kuwa mdhamini. Akatuuliza, "Jamani, nikiusaini huu, nitaumaliza?"

Tulikaa naye karibu masaa matatu, na tunaandika hapa kwa sababu tunajua yuko mwingine Berea au Turffontein ambaye ana fomu kama hiyo chini ya godoro.

Tuanze na deni, maana ndilo lenye uhakika. Laki moja ya randi, tuseme kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, ukiilipa kwa miaka mitano ni R2,224 kila mwezi. Jumla unarudisha kama R133,500. Lakini mtoto bado yuko darasani, halipi kitu. Mikopo mingi ya wanafunzi hapa humtaka mdhamini alipe riba peke yake wakati wa masomo. Kwa mfano wetu hiyo ni R1,000 kila mwezi, na deni lenyewe linabaki pale pale laki moja. Usipolipa hata hiyo riba, ikaachwa ijilimbikize miaka minne, utakuta deni limefika R161,000 na ushee, na marejesho yake kwa miaka mitano ni kama R3,586 kwa mwezi.

Sasa mfuko wa mama. Kima cha chini kuanzia Machi 2025 kilikuwa R28.79 kwa saa. Masaa 45 kwa wiki yanatoa kama R5,600 kwa mwezi. Yeye analipwa R6,000, kwa hiyo bosi wake si mbaya. Chumba R1,900. Chakula na teksi R1,400. Tanga kwa bibi R1,200. Zinabaki R1,500, na hapo hajanunua hata sabuni, na kati yake R500 ni za mchezo wa akina mama. Akianza kutoa R1,000 ya riba, mchezo umekufa au bibi kakosa hela. Na hiyo laki moja haitoshi miaka mitatu ya ada, chumba na chakula, achilia mbali bima ya afya ambayo viza ya mwanafunzi inaidai. Kwa viza hiyo mtoto anaruhusiwa kibarua kisichozidi masaa 20 kwa wiki, ila usikiweke kwenye hesabu kabla hajakipata. Ukosefu wa ajira nchi hii umepita asilimia 30, wenyeji wenyewe wanahangaika.

Tukamuuliza pia jambo ambalo hakulifikiria. Mdhamini ni bosi wako. Mwezi ukishindwa kulipa, benki itampigia nani? Na Jumatatu utamwangaliaje jikoni kwake? Alinyamaza kidogo. Kwa maoni yetu, mkopo unaofunga deni lako na kazi yako kwa mtu mmoja ni hatari kuliko riba yenyewe. (Mashonisa hatumzungumzii hapa. Riba yake inahesabiwa kwa mwezi, si kwa mwaka, na ada ya chuo haichukuliwi kwake hata kama mlango wa chuo unafungwa kesho.)

Haya, upande wa kipato. Wengi wanakwama hapa kwa sababu neno "ubongo" linanukia udaktari. Hapa Afrika Kusini njia ya kawaida ni hii: miaka 3 ya shahada ya sayansi, na masomo kama fiziolojia na anatomia, halafu mwaka wa 4 wanaouita honours, na hapo ndipo mtu anaanza kubobea kwenye ubongo na neva. Baada yake kuna uzamili, halafu uzamivu. Kazi zenyewe za utafiti, kama zile za Taasisi ya Sayansi ya Neva ya Chuo Kikuu cha Cape Town pale hospitali ya Groote Schuur, ziko mwisho wa barabara hiyo. Mwenye miaka mitatu tu si daktari, si mwanasaikolojia, na Baraza la HPCSA halimsajili kutibu mtu. Kwa hiyo deni linaanza kudai mwaka wa nne wakati mshahara mzuri unaweza kuwa mwaka wa saba au wa kumi. Barabara si mbaya. Mkopo wa mama ndio mfupi kuliko barabara.

Linganisha na binamu zake wa masomo. Fiziotherapia, tiba kwa vitendo, uuguzi, hizi zinakusajili ukimaliza, na mgonjwa wa kiharusi anazihitaji zote. Hata anayeendesha mashine ya EEG inayopima umeme wa ubongo ana njia yake: ni teknolojia ya kliniki, inafundishwa vyuo kama DUT kule Durban, na inasajiliwa HPCSA. Mtoto anayependa ubongo anaweza kuufikia kwa mlango huo akiwa na mshahara mkononi.

Kuhusu ada, wapo wanaodanganyana vijiweni. Msaada wa NSFAS ni wa raia na wenye ukaazi wa kudumu. Sisi wengine tusipoteze hela kwa anayedai anaweza "kuupitisha". Ila Mtanzania na Mkongomani wana nafuu moja: nchi zao ziko SADC, na itifaki ya elimu ya mwaka 1997 ilikubaliana wanafunzi wa SADC watozwe ada kama wenyeji. Mkenya na Mganda hawamo. Kila chuo kina ada zake za ziada kwa wageni, kwa hiyo omba karatasi ya ada kwa maandishi kabla ya kusema ndiyo. Na kumbuka wenyeji wenyewe ada hizo ziliwashinda hadi wakafunga mageti ya Wits, Oktoba 2015.

Kwa kaka zetu wa saiti kuna mtego mwingine. Likizo ya wajenzi inaanza katikati ya Desemba hadi Januari, kibarua halipwi, na chuo kinataka malipo ya kwanza Januari na Februari. Hiyo hela iwe imeshatengwa ifikapo Novemba, la sivyo utakopa ukiwa umekaa nyumbani.

Dada yetu hakusaini. Binti alinuna wiki mbili, hapokei simu. Tulimwandikia sisi wenyewe: HESLB nyumbani inakopesha kwa jina lako wewe, na ukiajiriwa inakata asilimia 15 ya mshahara wako, si ya mama. (Kwa Wakenya HELB inatoza riba ya asilimia 4.) Soma fiziotherapia KCMC Moshi au uuguzi Muhimbili. Pale pale Muhimbili, MOI wanapasua ubongo. Halafu uje kwenye nyurosayansi ngazi ya uzamili, ambako ufadhili unapatikana kuliko shahada ya kwanza. Shirika la IBRO limekuwa likigharamia hata mafunzo mafupi ya wanasayansi wa ubongo Afrika.

Akajibu kwa swali moja: "Na nisipoupata huo ufadhili?" Swali zuri, na jibu letu lilikuwa kwamba utakuwa na kazi wakati unautafuta.

Sasa mama anafanya kitu kimoja. Ile R1,000 ambayo angelipa riba anaiweka kwenye akaunti isiyo na kadi. Mchezo kaupunguza hadi R200, na teksi ya Jumamosi kaiacha, anatembea. Miaka minne ni R48,000 kabla ya faida yoyote. Hela ya binti anaituma mara moja kwa muhula, si kila wiki, kwa sababu Afrika Kusini iko kati ya nchi za G20 zenye makato makubwa ya kutuma pesa, na vipande vidogo vidogo ndivyo vinavyoliwa sana.

Hadi leo zimeingia R7,000. Binti kaomba vyuo vitatu, Moshi ikiwa ya kwanza, na anasubiri majina ya HESLB yatoke. Ile fomu ya mkopo mama bado anayo. Hajaichana, anasema anaiweka tu.