Kuzipanga Ngoma katika Kompyuta

Watu wengi hudhani ya kuwa ukibonyeza kinanda kilichofungwa kwenye kompyuta, sauti ya ngoma hupita katika waya. Sivyo. Kipitacho ni namba tu. Tangu mwaka 1983 vinanda vya umeme vina lugha moja iitwayo MIDI: kila kitufe kina namba yake, 0 hadi 127, na nguvu ya kidole nayo ina namba. Kompyuta huzipokea, kisha hutazama orodha yake kuona kama namba ile ni ya ngoma gani. Orodha hiyo ndiyo tuiitayo ramani ya ngoma.

Mwaka 1991 ilitolewa ramani ya wote. Humo 36 ni ngoma ya mguu, 38 ni ngoma ndogo yenye nyaya chini, 42 ni matoazi yaliyofungwa, na 46 ni yaliyofunguliwa. Ramani hiyo ina bongo na konga, lakini ingoma za Burundi hazimo. Basi atakaye kuzitumia hana budi kuzitafutia namba mwenyewe.

Kijana mmoja wa Gitega aliziweka katika 60, 71 na 72, kwa sababu vidole vyake vilifika hapo kwa urahisi, akapeleka faili kwa kwaya moja ya Muyinga. Ilipofunguliwa, zikalia bongo moja na firimbi mbili! Maana katika ramani ya wote, 71 ni firimbi fupi na 72 ni firimbi ndefu. Watu walicheka sana, isipokuwa mwalimu wa kwaya, aliyekuwa na siku mbili tu kabla ya sikukuu. Kwa hiyo faili ya namba isiende peke yake. Iende pamoja na sauti zilizorekodiwa na ramani yake. Tena andikeni namba, si jina la noti, kwani kitufe kile kile cha 36 programu moja hukiita C1 na nyingine C2.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Programu ya Hydrogen haiuzwi, nayo yatosha. Fanya nafasi tatu, uzipe majina wanayoyatumia wapigaji wenyewe, kama wale wa Gishora karibu na Gitega: inkiranya, iliyo katikati na kuongoza, amashakwe, zinazoshika mwendo bila kukoma, na ibishikizo, zinazoifuata inkiranya. Rekodi kila ngoma ikipigwa polepole, kwa kiasi, na kwa nguvu. Pigo la polepole lipewe nguvu 1 hadi 50, la kiasi 51 hadi 100, la nguvu 101 hadi 127. Ukirekodi pigo moja tu na kuliongeza sauti, utapata mlio wa cherehani.

Amashakwe hupigwa na watu wengi. Wengine hunakili rekodi moja mara nane wakidhani wamepata wapigaji wanane. La! Nakala nane zikilia kwa wakati mmoja ni ngoma ile ile moja iliyopaazwa. Rekodi ngoma mbalimbali, na uzisogeze kidogo zisianguke pamoja kabisa.

Kuna pia kitufe cha kunyoosha, kivutacho kila pigo likae mstarini. Kwa amashakwe kitumike kidogo. Kwa inkiranya nasema kisiguswe kabisa, maana yeye ndiye anayesubiriwa. Ukiwanyoosha wote hakuna tena amfuataye mwenziwe.

Liko na jambo la haki. Mwaka 1975 Joni Mitchell alitumia rekodi ya wapigaji wa Burundi katika wimbo wake, na dunia nzima yalijua jina lake, si majina yao. Nasi twaweza kufanya vivyo hivyo kwa simu ya mfukoni. Basi kabla ya kurekodi ombeni ruhusa ya wapigaji, na ndani ya faili ya ramani, juu kabisa, andikeni majina yao wakikubali, mlima wao, na tarehe.