Kaa Aishiye Juu ya Mti

Mtoto aliyekulia Ihumwa, katika nyanda kavu za Dodoma, anajua kuwa pango la mbuyu huweza kuhifadhi maji baada ya mvua. Lakini ukimwambia kuwa kaa naye huweza kuishi katika maji ya namna hiyo, atacheka. Kaa, atasema, ni wa pwani.

Ndugu msomaji, kaa huyo yupo. Makao yake ni misitu ya Shimba Hills, pwani ya Kenya, na ya milima ya Usambara Mashariki hapa kwetu. Huishi katika matundu ya miti yenye maji. Wala haihitaji bahari, kwani mayai ya kaa wa maji baridi huangua vitoto vyenye umbo kamili la kaa. Mwaka 2004 wataalamu wawili, Cumberlidge na Vannini, walimtangaza kuwa ni spishi mpya, wakampa jina Potamonautes raybouldi.

Kumwona mnyama si kumtambua. Mtaalamu hana budi kumlinganisha na jamaa zake waliokwisha kuandikwa: umbo la gamba, magando, urefu wa miguu, hata viungo vya uzazi vya dume vilivyofichika chini ya tumbo. Tofauti ikithibitika, huandika maelezo kamili, na kaa mmoja huhifadhiwa katika jumba la makumbusho awe kielelezo cha kulinganishia.

Je, kazi hiyo yamfaa nini mwananchi? Usubi, inzi mdogo aenezaye ugonjwa uletao upofu, huzaliana katika maji yaendayo. Viluwiluwi vya aina moja ya usubi, Simulium neavei, vilitafutwa mitoni bila kuonekana. Mwaka 1950 van Someren na McMahon, watafiti wa Kenya, walieleza mahali vilipo: vimejishikiza mwilini mwa kaa wa mtoni! Tangu hapo, amtafutaye usubi huyo humtafuta kaa kwanza. Basi asiyeweza kumtenga kaa wa mtoni na kaa wa mtini, ambaye maji yake yametuama, atapoteza nguvu zake bure.

Naye kaa wa mtini anahitaji mti mzee wenye tundu. Mti huo ukikatwa, hata miche mia haitampa nyumba leo.

Kwa hiyo, mzazi, mwanao akikuletea mdudu kiganjani na kuuliza jina lake, usimfukuze. Mwambie kwanza ahesabu miguu.